Moto wa Kuomba

Jiko liliwekwa katikati ya kizingiti cha Yudita, limejazwa mkaa hadi juu, na juu ya mkaa magunzi matatu ya mahindi yamepangwa tayari kwa kuwashia. Halikuwa limewashwa. Aliyelileta alitaka lionekane, kwa hiyo aliliacha mahali ambapo mwenye nyumba akifungua mlango lazima aligonge kwa mguu.

Inspekta Mektilda Swalle alichuchumaa mbele yake bila kuligusa. Ilikuwa Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, na ukungu wa Lyamkena ulikuwa mzito kiasi kwamba malori ya barabara kuu ya Makambako yalisikika tu, hayakuonekana.

"Umeligusa?"

"Nimelipiga kwa mguu nilipokuwa natoka. Halafu nikarudi ndani nikajifungia, ndipo nikakupigia." Yudita alikuwa amevaa masweta mawili na bado meno yalimgongana. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye kwa kawaida hakuogopa hata shoti ya umeme. "Afande, hili ni sawa na lile la Yonathani."

Mektilda alikwishaliona hilo. Bati la nje lilipakwa rangi ya bluu, udongo wa ndani ulikuwa mwekundu, safi, hauna doa la moshi. Jiko kama hilo hilo, jipya vilevile, lilikutwa Jumatano asubuhi kando ya kitanda cha Yonathani Tweve, katika chumba alichopanga Mji Mwema, Njombe. Yonathani alikuwa fundi mwenzake Yudita. Alikutwa amelala chali, shuka hadi kidevuni, madirisha yamefungwa, amekufa.

Mwezi Juni, Njombe, hakuna mtu anayeshangaa kusikia habari ya namna hiyo. Baridi inauma, mtu anaingiza jiko ndani, analala, haamki. Daktari aliandika kwamba alikufa kati ya saa sita na saa tisa usiku, na kwamba inadhaniwa ni hewa ya mkaa, vipimo vya damu vinasubiriwa. Mkubwa wa Mektilda alitaka faili lifungwe jioni hiyo ili ndugu waliokuja kutoka Makete waondoke na mtu wao. Mektilda peke yake ndiye aliyekuwa anasumbua. Chumbani mle hakuona gunia la mkaa. Hakuona majivu, wala kipande cha gunzi, wala hata njiti ya kiberiti sakafuni. Mtu mwenye jiko huwa na uchafu wa jiko.

"Tuingie ndani," alisema. "Unieleze kile ulichosema kwenye simu."

Ndani palikuwa sebule na karakana kwa pamoja. Meza nzima ilijaa laptopu zilizofunguliwa matumbo. Yudita alifunga mlango kwa komeo mbili.

"Yonathani hakuwahi kuingiza jiko chumbani," alisema. "Hata siku moja. Wadogo zake wawili walikufa kwa mkaa kule Makete, yeye akiwa na miaka tisa. Yeye ndiye aliyewakuta. Mtu huyo, afande, hata ukichoma mahindi sebuleni alikuwa anatoka nje."

"Mbona hukusema Jumatano?"

"Nani aliniuliza? Walikuja polisi wawili wakachukua jina langu na namba ya simu, basi."

Mektilda alimeza hilo, maana polisi wale walikuwa wake.

"Sasa baridi ya Njombe alikuwa anaivumiliaje?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Yudita alikaribia kutabasamu. Alivuta laptopu moja nene yenye stika ya kijani pembeni mwa kibodi. "Kwa hii. Alikuwa anaiweka chini ya kitanda, upande wa miguu, juu ya matofali mawili. Anaipa kazi nzito usiku kucha, inachemka, joto linapanda godoroni. Tulimcheka sana."

Hapo Yudita alilazimika kurudi nyuma kidogo, na Mektilda alimwacha asimulie kwa mwendo wake. Umoja wa Shule za Nyanda ulikuwa unanunua laptopu elfu moja na mia nne kwa ajili ya walimu. Laptopu zenyewe zilikuwa za umbo lilelile, skrini ileile, hata rangi ileile. Kilichogombewa ni prosesa, kile kipande cha ukubwa wa kiberiti kinachofanya kazi ya kufikiri. Watengenezaji wawili walikuwa wanakabana koo duniani kote, na ugomvi wao ulikuwa umefika hadi Makambako: Kestrin, wenye stika ya kijani, na Orvado, wenye stika ya bluu. Kestrin ilisifiwa kwa nguvu na kulaumiwa kwa joto. Orvado mpya ilisifiwa kwa kukaa na betri siku nzima. Umoja ukamwajiri Yonathani azipime mashine mbili, moja ya kila upande, kwa wiki tatu. Yudita alimwandikia programu ndogo: kila dakika kumi, mchana na usiku, mashine inajiandikia yenyewe saa, joto na betri.

"Mashine ya bluu iko wapi?"

"Haikukutwa. Ripoti yake nayo haikukutwa. Alikuwa anaandika kwa mkono kwanza, daftari kubwa jekundu." Yudita aliigusa ile ya kijani. "Hii niliitoa mimi jana, nilipokwenda na mama yake kukusanya nguo. Ilikuwa bado chini ya kitanda, bado kwenye umeme. Aliyechukua ile nyingine hakuinama."

"Au hakujua kwamba kuna cha kuinamia," alisema Mektilda. "Fungua."

Umeme wa Lyamkena ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na betri ya mashine ilionyesha asilimia kumi na moja. Yudita alifungua kumbukumbu ya usiku wa Jumanne. Zilikuwa safu za tarakimu tu, lakini Mektilda alizisoma kidole kikiwa kwenye skrini, moja moja, akiandika kwenye daftari lake. Saa nne usiku, joto sitini na nane. Saa sita, sitini na sita. Saa tisa, sitini na tatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, sitini na moja.

"Kazi ni ileile usiku kucha?"

"Ileile. Kinachobadilika ni hewa ya chumba tu. Chumba kikipoa, nayo inapoa."

"Kwa hiyo chumba kilikuwa kinapoa mpaka alfajiri." Mektilda alisogeza kidole. Kumi na moja na dakika arobaini, sitini na mbili. Na dakika hamsini, sitini na sita. Saa kumi na mbili kamili, sabini na moja. Baada ya hapo, sabini na nne.

Nje lori lilipiga honi ndefu na Yudita akaruka kitini.

"Daktari anasema alikufa kabla ya saa tisa," Mektilda alisema polepole. "Jiko liliingia saa kumi na moja na dakika arobaini, kwa hiyo silo lililomuua. Yudita, mtu alimpelekea maiti moto."

Yudita alianza kulia bila sauti. Mektilda alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na alikuwa ameona maiti nyingi, lakini wazo la mtu kubeba jiko linalowaka alfajiri, kwa uangalifu, asimwage makaa, kwenda kulitua kando ya mtu aliyekwisha kufa, lilimtia hofu ambayo hakuitegemea. Aliangalia mlango kuhakikisha komeo zote mbili zimeingia.

Mtu akagonga.

"Ni mimi, Wiliam. Nimesikia habari za jiko."

Yudita alipumua. "Ni Mwalimu," alisema, na kabla Mektilda hajamzuia alikwishafungua.

Mwalimu Wiliam Mgaya alikuwa mwangalizi wa zabuni upande wa Umoja, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa usharika, mtu wa nywele nyeupe na koti refu la kijivu. Jumatano ndiye aliyewaombea wafiwa. Alivua kofia, akamsalimia Mektilda kwa mikono miwili, na Mektilda akamwamkia "shikamoo" kama alivyokuwa akimwamkia tangu usichana wake. Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Mwalimu kilikuwa na plasta.

"Umeumia, Mwalimu?"

"Pasi, binti yangu. Mgane akijipigia pasi ndiyo haya." Alilitazama jiko pale mlangoni, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto hawezi kulala hapa. Nina nyumba ya shamba Kichiwa, ina umeme wa jua, majirani wazuri. Nitampeleka sasa hivi, akae mpaka mambo yatulie."

"Tutaweza kuchaji mashine," Yudita alisema kwa shauku. "Afande, hii inataka kuzima na sijainakili. Mwalimu, tumepata kitu! Yonathani aliacha—"

"Yudita," Mektilda alimkata.

"Samahani."

Mwalimu aliinua mkono. "Mambo ya polisi ni ya polisi. Mimi sitaki kujua."

Mektilda alifikiri. Kituo cha Makambako kilikuwa na askari wawili zamu ile na wote walikuwa barabarani. Angeweza kuichukua mashine, lakini ikizima mikononi mwake hakuwa na chaja ya aina ile, na hakuna mwingine anayejua kuifungua kumbukumbu. Na Yudita alikuwa anatetemeka. Alisaini kwenye daftari kwamba kielelezo kimebaki kwa fundi kwa ajili ya kunakiliwa, akaandika saa, akawasindikiza hadi kwenye gari. Alikuja kuijutia saini hiyo kuliko saini yoyote aliyowahi kuweka.

* * *

Bonaventura Luvanda, wakala wa Kestrin, alikuwa na duka karibu na stendi ya Makambako, laptopu zimepangwa dirishani kama mikate. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, na watu watatu walikuwa wamemwambia Mektilda kwamba Jumapili alimtukana Yonathani mbele ya hadhara na kumwambia atamkomesha.

"Nilimtukana, ndiyo," alisema, bila kungoja aulizwe. "Wiki mbili nzima anawaambia watu mashine yangu ni jiko. Jiko! Wateja wakaanza kunicheka. Wewe ungefurahi?"

"Neno jiko ndilo linalonileta."

Uso wa Bonaventura ulibadilika. "Afande, hapana. Usinifanyie hivyo."

"Jumanne usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Napakua mzigo kutoka Dar. Lori liliingia saa tatu usiku, tulimaliza saa kumi na mbili. Muulize dereva, muulize mlinzi, kuna kamera ile pale." Alionyesha juu. "Itazame usiku mzima, utaniona hadi unichoke."

Mektilda aliitazama, akiirusha mbele. Alimwona Bonaventura akibeba maboksi, akigombana na wapakuzi, akila ndizi saa tisa, akigombana tena. Kutoka Makambako hadi Njombe ni saa nzima kwa gari. Saa kumi na moja na dakika hamsini mtu huyu alikuwa bado anahesabu maboksi kwa sauti.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika kwamba hulali. Sasa niambie kwa nini Yonathani alikupigia simu Jumatatu. Namba yako ndiyo ya mwisho aliyozungumza nayo kwa muda mrefu. Dakika kumi na nne."

Bonaventura alifunga mlango wa duka. Aliposhusha sauti, hata yeye alionekana kuishangaa.

"Aliniomba radhi. Akasema alikwenda kwenye ghala la Umoja, akafungua boksi moja la bluu kati ya yale yaliyokwisha kupokewa. Unajua zimeshapokelewa mia sita? Kabla hata vipimo kuisha. Akaifungua mashine. Stika inasema Orvado mpya, hii inayokaa na betri siku nzima. Ndani kuna ya zamani, ya miaka sita nyuma. Sampuli waliyompa kupima ndiyo pekee yenye kitu halisi. Akafungua boksi la pili, la tatu. Zote hivyo hivyo."

"Kampuni yenyewe ndiyo iliyofanya?"

"Nani, Orvado? Mimi ni mshindani wao na siwezi kuwasingizia. Hao wanauza prosesa nchi nzima, watachezea stika kwa ajili ya Makambako? Ni mtu wa hapa katikati. Remmy ndiye wakala wao."

"Remmy yuko Dar tangu wiki iliyopita. Amelazwa kwa upasuaji wa goti, nimezungumza na muuguzi wake mwenyewe."

"Basi sijui." Bonaventura alijifuta jasho, ingawa dukani palikuwa na baridi. "Ila najua hivi. Mimi ndiye niliyetaka yule kijana awe hai kuliko mtu yeyote. Ripoti yake ingenipa zabuni. Na kuna mtu aliyeweka saini kwamba mia sita zile zimekaguliwa moja moja. Yonathani alisema atakwenda kumwona mtu huyo kwanza, ana kwa ana, kwa heshima, kabla ya kuandika. Nilimwambia usiende. Akasema ni mtu mzima, si vizuri kumwaibisha kwenye karatasi kabla hajasikilizwa."

"Nani?"

"Hakunitajia jina. Nadhani alikuwa bado anamhurumia."

* * *

Ilipofika saa saba mchana Mektilda alikuwa Mji Mwema, uani kwa Mama Pendo, mwenye nyumba aliyompangisha Yonathani. Ukungu haukuwa umeondoka. Mama Pendo aliuza chai na chapati kwa watu wanaowahi mabasi ya asubuhi, na sasa alikuwa anakanda unga wa kesho, mikono myeupe hadi kwenye viwiko.

Njiani Mektilda alikuwa amelipanga swali lake. Jiko liliingia likiwaka. Kuliwasha jiko la mkaa kunachukua nusu saa, kunatoa moshi, kunaacha magunzi na majivu. Hakuna aliyeona moshi, na uani hapakuwa na majivu ya ziada. Kwa hiyo makaa yalitoka mahali yakiwa tayari mekundu, tena karibu, maana hakuna anayesafiri na moto.

"Mama, asubuhi unawasha moto saa ngapi?"

"Saa kumi. Ikifika kumi na moja makaa yameshika, naanza chapati."

"Jumatano kuna mtu alikuja kukuomba moto?"

"Alikuja," alisema Mama Pendo, akiendelea kukanda. "Wanakuja kila siku. Jirani wa hapo nyuma, dada wa saluni."

"Mwingine?"

Mikono ilisimama ndani ya unga.

"Mama. Jumatano nilikuuliza kama umeona mtu."

"Uliniuliza kama nimeona mtu mgeni," Mama Pendo alisema. "Nikakwambia sijaona mgeni. Ni kweli. Hakuwa mgeni." Macho yake yalijaa maji ghafla. "Moto namgawia kila mtu, afande. Huku kwetu mtu akija na jiko tupu alfajiri unamwekea makaa, humuulizi anapika nini. Alikuja na jiko jipya, la bluu. Akasema kijana amelala na baridi, namwonea huruma, nampelekea moto. Nikamwekea makaa ya kutosha. Nikasema, tazama mtu mwenye roho nzuri, mzee mzima, kabla ya mapambazuko. Akalibeba kwa ule mshikio wa waya, ukamchoma kidole, akalishusha, nikampa kitambaa."

Mektilda alimsogelea. "Kidole gani?"

"Gumba. La kulia."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Alirudi mchana akalia hapa, kwenye kigoda hicho. Akasema, Mama Pendo, mimi ndiye niliyemuua kwa wema wangu, nilimwekea jiko sikumfungulia dirisha. Usiniaibishe, nimebakiza miaka michache. Nikamhurumia." Alianza kulia waziwazi. "Ni Mwalimu Wiliam, afande. Ni mzee wa kanisa letu. Ningesemaje?"

Mektilda alikuwa ameshatoa simu; habari za jiko la Lyamkena zilijulikana kwake, kwa Yudita, na kwa aliyeliweka tu. Alikosea namba mara mbili. Alipiga kwanza Makambako, akatoa amri kwa maneno sita: Kichiwa, nyumba ya Mwalimu Mgaya, sasa. Askari aliyepokea alisema gari litatumia dakika arobaini. Kisha alimpigia Yudita.

Simu iliita ikakata. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu, na Mektilda akajikuta anasema kwa sauti, "Pokea, mwanangu, pokea."

"Afande." Sauti ya Yudita ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. "Shikamoo. Samahani, nilisinzia. Tumefika salama."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Ametoka kutafuta maziwa. Amenifungia kwa nje, kwa usalama. Ni mtu mwema sana. Huku ni baridi kali, kajisumbua akaniwashia jiko."

Mama Pendo alisikia. Alijifunika mdomo kwa mkono wenye unga.

"Yudita, nisikilize. Jiko liko ndani?"

"Liko hapa miguuni. Afande, kichwa kinaniuma. Nadhani ni safari."

"Si safari. Simama. Simama sasa hivi. Dirisha liko wapi?"

Ilisikika miguu ikiburuzika sakafuni. "Limefungwa. Kitasa hakipo. Na lina nondo, siwezi kupita."

"Huna haja ya kupita. Vunja kioo. Chukua kitu kizito."

"Hakuna kitu. Kuna godoro na..." Alikohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, na Mektilda akashikilia nguzo ya uani kwa mkono wa pili. "Kuna mashine tu. Afande, umeme wa jua hakuna, bado sijanakili. Kila kitu kimo humu. Nikiivunja, Yonathani..."

"Yonathani angekuwa wa kwanza kuivunja. Piga!"

Mektilda alihesabu pumzi zake mwenyewe. Daftari lake lilikuwa na tarakimu zote, lakini ni mwandiko wake tu, na wakili yeyote angelicheka. Alilijua hilo, na halikumfanya afikiri mara mbili. Kisha ukasikika mshindo, plastiki juu ya kioo, na kioo hakikuvunjika. Mshindo wa pili. Wa tatu ulikuja na sauti ndefu ya vipande kuanguka, na nyuma yake upepo ukaingia kwenye simu kama mtu anayepuliza moto.

"Weka uso kwenye nondo. Vuta hewa. Usirudi ndani, usiguse jiko, vuta hewa tu."

Yudita alikuwa anavuta. Mektilda alimsikia akivuta na kukohoa, akilia na kuvuta tena. Hakuwa amewahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Kisha ikasikika sauti nyingine kwa mbali, ya mwanamke, ikisalimu huku ikikaribia. "Kamwene! Wewe binti, mbona unavunja dirisha la Mwalimu?"

"Nani huyo?" Mektilda aliuliza.

"Jirani. Ana jembe. Ametoka shambani."

"Mpe simu kupitia nondo."

Simu ilikwaruza, ikahama mkono. "Haloo?"

"Kamwene, mama. Mimi ni polisi, naitwa Mektilda Swalle. Huyo binti usimwache hata kidogo. Piga kelele watu waje, vunjeni kufuli kwa hilo jembe, mtoeni, mkae naye nje wote kwenye baridi mpaka gari letu lifike."

"Lakini Mwalimu mwenyewe namwona kule juu ya barabara, anarudi. Nimwambie nini?"

Mektilda alimtazama Mama Pendo, aliyekuwa amekaa chini kwenye kile kigoda, mikono yake myeupe imelala mapajani.

"Usimwambie kitu. Ita watu kwanza, waje wengi," alisema. "Na akikuomba moto, mama, usimpe."